Bwana Barabara na Nguzo ya Mto Namkonda

Nachingwea na Ruangwa watu wachache sana walimwita kwa jina lake. Kama vile bwana shamba alivyokuwa bwana shamba, na bwana afya akawa bwana afya, yeye alikuwa Bwana Barabara. Nilifanya naye kazi zaidi ya miaka kumi nikimchapia barua zake zote, na hadi leo nikimkumbuka najikuta naanza na miguu yake. Alivaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari, na alitembea kwa hatua za kipimo kimoja, iwe mlimani au mteremkoni. Ukimuuliza kutoka ofisini hadi msikitini ni mbali kiasi gani, hakukujibu "si mbali." Alikutajia mita. Wapo waliokwenda na kamba kumhakiki, wakarudi kimya.

Alikuwa mkali kwa mambo ambayo watu wengine waliyaona madogo. Siku moja vibarua walikuwa wamefukia kalavati, lile bomba la zege la kupitisha maji chini ya barabara, karibu na Mbekenyera. Jua lilikuwa kali, watu wamechoka, wanangoja kuondoka. Akafika, akapima mdomo wa bomba, akawaambia wafukue walaze upya.

"Mzee, ni vidole viwili tu vimezidi," alisema kiongozi wao.

"Maji hayajui kuhesabu vidole. Fukueni."

Wakafukua huku wakimnung'unikia kwa Kimwera, wakidhani haelewi. Alikuwa anaelewa. Alivua shati, akachukua sepetu, akafukua nao.

Na mimi alinitesa kwa namna hiyo hiyo. Aliwahi kunirudishia barua moja mara nne kwa sababu nilichapa "takriban mita sitini." Alisema takriban ni neno la mtu ambaye hakwenda. "Mimi nilikwenda, Karani. Andika sitini na moja." Aliniita Karani tangu siku ya kwanza, nikiwa msichana niliyetoka kusomea uhazili, na hakubadili hata nilipozaa watoto wawili.

Lakini mtu huyo huyo, aliyeweza kusimama mbele ya dereva wa lori la magogo na kumrudisha alikotoka, alikuwa akiingia kwenye kikao cha madiwani ananywea. Alikaa nyuma, ramani zake zimeviringishwa mapajani, jasho linamtoka. Sababu niliijua. Lugha ya kwao ilikuwa Kimakua, na ulimi wake ulikuwa haupati vizuri herufi ya b, ya d wala ya j. Barabara aliiita "parapara," daraja akaliita "taracha." Kijijini hakuna aliyejali, kwa sababu kila mtu huku anakizungumza Kiswahili kwa ladha ya kwao. Ndani ya ukumbi ule, siku moja, diwani mmoja alimwigiza na ukumbi mzima ukacheka. Tangu hapo kila alichotaka kusema alikiandika, nami nikakichapa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, ingawa hatukuwahi kulisema hilo.

Mkewe, mama mmoja mcheshi aliyeuza vitumbua sokoni, alikuwa akinisimulia vituko vyake. Nyumba yao ilivuja kila pembe. "Mvua ikianza," alisema, "mimi nakimbilia ndoo na yeye anakimbilia koti aende kutazama mitaro ya serikali. Nikifa atanipima kwanza ndipo anizike." Alicheka akisema hivyo. Na ni kweli kwamba Bwana Barabara hakuniruhusu kuchukua karatasi moja ya ofisi nimwandikie mama yangu barua, lakini mbuzi wake wote wanne waliishia kwenye masufuria ya watu waliobeba mawe ya daraja la Namkonda.

Niseme sasa juu ya daraja hilo, maana bila hilo huwezi kumjua.

Ruangwa ilipotengwa na Nachingwea ikawa wilaya, tulihamishwa pamoja, yeye na mimi, na taipureta moja na kabati mbili. Baadhi ya mafaili ya barabara tulikuja nayo, mengine yakabaki Nachingwea. Katika barabara zilizoangukia kwetu kulikuwa na ile ya kwenda upande wa Mandawa, na katikati yake ulipita Mto Namkonda. Kiangazi Namkonda ni mchanga mtupu, unavuka na baiskeli. Mvua zikishika, unajaa kwa saa chache, na vijiji vya ng'ambo vinafungiwa kama watu waliokomewa mlango kwa nje. Dada yangu Somoe alikuwa ameolewa ng'ambo ile.

Ukingoni mwa mto, upande wetu, ilisimama nguzo fupi ya zege. Nguzo ile ilikuwa na maana kubwa kuliko umbo lake. Hadi kwenye nguzo, barabara ilikuwa ya mkoa. Kuanzia hapo, pamoja na mto wenyewe, ilikuwa ya wilaya. Na utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: daraja likiwa kwenye barabara ya mkoa, ofisi ya juu, ile ya mkoa, ingebeba kila kitu. Likiwa kwenye barabara ya wilaya, ofisi ya juu ingetoa fedha za kujenga, lakini kazi za uhandisi zinazotangulia ujenzi, yaani kupima, kuchimba udongo na kuukagua, kuchora, na baadaye kusimamia, zichangiwe nusu kwa nusu. Halmashauri isipoweka nusu yake mezani, fedha za ujenzi hazitoki. Halmashauri yetu changa ilitegemea ushuru wa korosho, na miaka ile korosho zililala maghalani bila mnunuzi. Nusu yetu haikuwepo. Mwaka wa kwanza haikuwepo, wa pili haikuwepo, wa tatu haikuwepo.

Bwana Barabara akapata wazo. Kama hatuna fedha, nusu yetu tuitoe kwa kazi. Yeye apime na achore bila malipo, wananchi wachimbe vishimo vya kukagulia udongo na wakusanye mawe, na hayo yote yahesabiwe kuwa mchango wa wilaya. Aliandika, nikachapa. Jibu lilirudi likisema leteni tuone. Kwa maneno hayo mawili tu akaenda Namkonda, akaitisha mkutano ng'ambo. Huko hakuogopa kusema. Somoe alinisimulia baadaye jinsi alivyosimama juu ya jiwe na kuwaambia, "Nipeni mawe, nami nitawapitisha juu ya maji."

Wakampa. Wanawake ndio waliobeba zaidi, wakiongozwa na dada yangu, aliyekuwa na sauti ya kuamrisha hata mbuzi wakatii. Kila mmoja alipoenda mtoni kuchota maji kwenye visima vya mchanga alikwenda na jiwe kichwani. Rundo likapanda likawa refu kuliko mtu. Bwana Barabara alilala kijijini wiki nzima nzima, akipima. Michoro aliichora juu ya meza yake ya kulia chakula, mkewe akawa anapakua chakula sakafuni ili asiisogeze. Nimewahi kuona michoro mingi baadaye, mingine imetoka kwenye kompyuta, lakini sijaona iliyo safi kama ile.

Ofisi ya juu iliikataa. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema michoro haikusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Bwana Barabara, kwa cheo chake cha kwenye karatasi, alikuwa fundi sanifu, na kwamba kuna tofauti. Ya pili ilisema mawe na nguvu za wananchi haviwezi kupokelewa badala ya mchango. Mwaka wa fedha ukafika mwisho, na kile kilichotengwa kwa ajili ya Namkonda kikarudishwa kilikotoka. Aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama nimekula. Kisha akatoka kwa miguu kwenda ng'ambo kuwaambia mwenyewe. Somoe, akiwa na mimba changa, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Basi mawe yatakungoja, baba. Hayaozi."

Mvua zikaja.

Asubuhi moja mtu alifika ofisini akiwa ametapakaa tope. Alikuwa ameogelea Namkonda, akaazima baiskeli upande wa huku. Alisema uchungu wa Somoe ulianza jana yake, mtoto amekaa vibaya, mkunga ameshindwa, na wanamleta kwa kitanda hadi mtoni. Bwana Barabara hakuniuliza kitu. Alichukua Landrova ya ofisi pamoja na dereva na kamba yote iliyokuwa stoo, akanifungulia mlango nipande.

Tulipofika, walikuwa wameshafika ng'ambo. Niliona kitanda chini kando ya lile rundo la mawe, kanga zimetandazwa juu yake, na wanaume wanne wamesimama bila la kufanya. Kati yetu maji yalikuwa yanapita na miti mizima. Mto wenyewe si mpana. Niliweza kuona Somoe akigeuza kichwa. Nilimwita, sijui kama alinisikia.

Bwana Barabara alijifunga kamba kiunoni, akampa dereva ncha nyingine, akaingia. Maji yalimfika kifuani, kisha yakamchota. Dereva na yule muogeleaji walimvuta, wakamtoa akiwa anatapika maji ya tope. Akaingia tena. Safari hii dereva, kijana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alimkamata shati na kumwambia, "Mzee, utakufa na yeye hatapona." Akakaa chini. Tulikaa hivyo, sisi huku na wao kule, gari likiwa limegeuzwa tayari kuondoka, tukitazama alama aliyoichora kwenye udongo kuona kama maji yanashuka. Hayakushuka. Alasiri wale wanaume wanne walivua kofia zao. Mmoja akavuta kanga hadi usoni. Mtoto hakuzaliwa.

Taarifa ya kifo kile niliichapa mimi. Alitaka kuiandika kwa mkono, nikakataa. Nilichapa "marehemu" bila kukosea herufi, nikachapa jina la dada yangu, nikachapa kwamba tunaomba daraja lifikiriwe upya kwa dharura. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa. Lilisema, kabla hatua yoyote haijachukuliwa, tuifahamishe ofisi ya juu kama tukio hilo lilitokea upande wa mkoa wa nguzo au upande wa wilaya.

Nilimpelekea barua ile mezani kwake. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kwa pindo la shati.

"Wanataka kujua alifia parapara ya nani," alisema.

Akairudisha barua kwenye faili. Lakini kiangazi kile alikwenda Namkonda na sururu na baiskeli, mchana kweupe, akaing'oa nguzo. Watu wa ng'ambo wakaja. Hakuwaeleza, wala hawakumuuliza. Walimsaidia kuibeba hadi ukingo wa pili na kuisimika huko, wakaipaka tope ionekane ya zamani. Kisha akarudi ofisini, akaniandikia rasimu ya barua: kwamba kwa upimaji mpya imebainika barabara ya mkoa inaishia ng'ambo ya mto, hivyo daraja lote limo ndani ya barabara ya mkoa, na gharama zote za uhandisi ni za ofisi ya juu.

Nilifika kwenye umbali wa nguzo, nikaacha kuchapa. Nilikuwa nimeuchapa umbali ule mara nyingi miaka ile. Vidole vyangu viliujua, na vilijua huu si ule. Nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Chapa hivyo hivyo, Karani."

Nikachapa.

Ilifanikiwa, na hilo ndilo linaloniuma. Ofisi ya juu ilituma mhandisi wake, akapima upya na kuchora upya, na katika mwaka uliofuata mkandarasi alifika Namkonda na mashine. Wakajenga ukuta wa kwanza wa kubebea daraja, upande wa huku. Bwana Barabara alikuwa akienda pale kila Jumamosi kwa miguu. Hakuwakosoa mafundi hata mara moja. Alikaa tu kwenye mawe na kuwatazama.

Sijui nani aliyeuliza swali la kwanza. Walikuja wakaguzi watatu. Walikwenda kijijini, na kijiji kizima kikasema nguzo ilikuwa pale tangu zamani. Bibi mmoja aliapa kwamba aliwanyonyesha watoto wake saba akiwa ameikalia. Wakaguzi wakakaribia kuridhika. Lakini mmoja wao alikuwa mwangalifu, akaenda Nachingwea kwenye yale mafaili yaliyobaki. Akakuta daftari la upimaji wa miaka ya nyuma, na ndani yake, kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo kulia, imeandikwa nguzo iko ukingo gani na ni hatua ngapi kutoka majini. Mwandiko ulikuwa wa Bwana Barabara.

Walituhoji ofisini pamoja. Mkaguzi alinigeukia. "Na wewe mama, uliyeichapa barua hii, ulijua?"

Kabla sijafungua mdomo, yeye alijibu. "Huyo ni karani. Anachapa anachopewa."

Mkaguzi aliendelea kunitazama. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwenda Mtwara kutafuta kazi bila kurudi.

"Ndiyo," nilisema. "Nachapa ninachopewa."

Yeye akafukuzwa kazi, na kiinua mgongo chake akakikosa. Kwa kuwa daraja lilikuwa upande wa wilaya, ujenzi ukasimamishwa hadi wilaya itoe nusu yake ya uhandisi, na mkandarasi akaondoka na mashine zake. Mimi nilibaki. Baada ya muda nikapandishwa cheo, nikawa mkuu wa masijala. Bwana Barabara na mkewe walikwenda Marambo, huko Nachingwea, kulima ufuta na mahindi, na kwa miaka saba sikwenda kumwona. Nilikuwa napita Nachingwea mara kwa mara. Kila safari nilijipa sababu.

Nilipokwenda, nilikwenda kwa pikipiki, mwisho wa kiangazi, mawingu yamejaa lakini hayajamwaga. Nilimkuta ameketi nje juu ya kigoda. Alikuwa amekonda, na macho yote mawili yameingia ukungu mweupe. Mkewe alinikumbatia, akamwambia nani amekuja. Alinyoosha mkono hewani hadi nilipoushika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Karani. Habari za masiku."

Tuliongea habari za watoto, za mahindi, za nani amekufa. Kisha akanisogelea, nami nikajua kinachofuata.

"Taracha?"

"Bado, mzee. Ukuta ule mmoja upo. Nondo zimeota kutu."

"Na mawe?"

"Yamekwisha. Watu wameyachukua kidogo kidogo kujengea misingi ya nyumba."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi nilidanganya bure," alisema.

"Tulidanganya wote," nikasema. "Nilijua, mzee. Siku ile nikichapa, nilijua. Na mbele ya wale wakaguzi nilijua."

"Najua. Ulifika kwenye umbali, taipureta ikanyamaza. Niliisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, tungekuwa wawili bila kazi, na mto ni ule ule. Tena nilishakuulia dada."

"Hukumuua wewe."

"Mimi ndiye niliyewaambia nipeni mawe." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kipimo alichokipima mwenyewe. "Alibeba mawe badala ya kuhama. Mumewe alitaka wahamie mjini mwaka ule. Yeye akasema wasubiri, taracha linakuja. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona na yeye anataka kuniomba, na kati yetu hakuna mwenye wa kumpa mwenzake. Mkewe alileta uji, akatuangalia, akaurudisha jikoni bila kuuliza.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka kwenye vumbi, mazito, yakipishana. Nilimshika mkono nimwingize ndani. Hakunyanyuka. Aligeuza uso upande wa Ruangwa, macho yale meupe wazi, akakaa anasikiliza.

"Inanyesha na huko?" aliuliza.

Niliangalia. Upande wote ule, hadi chini kabisa, mbingu ilikuwa nyeusi.

"Ndiyo, mzee," nikamwambia. "Inanyesha na huko."